Bingwa wa Kuhamisha Kabati

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimehamisha kabati tena. Bingwa wa mieleka mimi! Kwetu nilibebwa mabegani uwanja mzima. Hapa chuoni wakiniona wanakumbuka fanicha. Mcheza kwao hutuzwa. Mimi nimecheza ugenini, nimetuzwa kabati.

Mkuu wa idara kaniita. Anasema ukocha peke yake hautoshi, lazima nifundishe na darasani. Ijumaa nitoe mhadhara wa majaribio. Nikifaulu, nathibitishwa kazini, mama watoto na binti yetu wanakuja. Nikishindwa, msimu ukiisha narudi kwetu. Na wa kunipima ni nani? Fito! Mhadhiri mwembamba kama sindano, kaandika kitabu kizima juu ya mieleka na hajawahi kubwagwa hata na upepo.

Mama watoto kapiga simu. Nikamwambia nimeshapita, wafungashe. Bingwa hasubiri refa.

Jumatano, 5 Machi
Mbinu imepatikana. Wanamieleka wangu wote watajaa ukumbini. Nikiinua kidevu, wapige makofi. Tumefanya mazoezi mpaka viganja vikawaka. Nahodha kauliza kama na mhadhara wenyewe tutaufanyia mazoezi. Nikamwambia mwanangu, mhadhara ni maneno tu.

Fito kanikuta koridoni, kauliza kwa upole kama nahitaji msaada. Msaada! Mtu akikushika kwa upole, jua anatafuta kiuno. Nikamjibu, kaka, nenda kale kwanza ndio uje tushindane.

Mama watoto ameshagawa vyombo. Kitanda kachukua shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu! Nilianza vizuri. Koo likakauka, nikanywa maji. Kidevu juu. Makofi! Nikanywa tena kwa hasira. Makofi tena! Mkuu wa idara akawa anaangalia dari. Fito akauliza ushahidi wa ninayoyasema uko wapi. Nikamwonyesha sikio langu, hili lililokunjamana kama uyoga mkavu kwa kusuguliwa mkekani. Fito akaandika kitu. Nikajua nimekwisha.

Akainuka, akaja mbele, uso mkavu, akaninyooshea mkono.

Sasa, mwanamieleka yeyote anajua. Wawili wakipeana mkono mbele ya watu, pambano limeanza. Mwili wangu haujui salamu nyingine. Nikashika, nyonga ikaingia, Fito akapaa. Alipaa vizuri, siwezi kusema uongo. Vijana wakapiga makofi bila hata kidevu.

Nilimbeba mgongoni hadi zahanati huku nalia. Masikini, kabati ni zito kumshinda. Bega limeteguka. Njiani akaninong'oneza kwamba alikuwa anakuja kunipongeza. Lile sikio lilimgusa. Alikuwa ameshanifaulisha.

Jumapili, 9 Machi
Nimemmenyea Fito machungwa, maana mkono mmoja umefungwa. Kasema hana kinyongo, bwana. Sasa angalau kile kitabu atakiandika upya. Atanitetea. Ila kesho mkuu wa idara anataka maelezo. Fito akanisihi kama ndugu: ingia, kaa kitini, omba radhi, mikono mfukoni.

Binti kachukua simu ya mama yake. Anauliza kama kitanda chake huku kipo dirishani. Nikasema kipo, mama, kinakungoja. Chumba changu hakina hata dirisha.

Jumatatu, 10 Machi
Niliingia. Nilikaa. Mikono mfukoni. Nikaomba radhi mpaka sauti ikakatika.

Mkuu wa idara akalainika. Kasema Fito kamsumbua kwa simu tangu jana, basi, yaishe, nitathibitishwa. Nikaona mama watoto na binti uwanja wa ndege!

Nikiwa nainuka, akaniuliza, hivi lile jambo lilitokeaje hasa? Maana yeye alikuwa anaangalia dari.

Mzee wa watu! Kauliza kwa moyo mweupe. Na maneno hayatoshi. Mwalimu mzuri huonyesha. Nikatoa mikono mfukoni. Nikasogeza meza pembeni, na kabati pia. Nikamwambia mzee wangu, simama hapa katikati, usiogope, nipe mkono.