Kikopo cha Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya sita bila choo. Tumbo limekaza, suruali haifungi. Mke wangu ameniburuta hadi zahanati. Muuguzi, mama mwenye sauti ya kuita mkutano, akauliza naenda choo mara ngapi kwa wiki. Benchi zima nje likatega masikio kusubiri jibu. Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini.

Akanipa chupa ya dawa ya kulainisha na karatasi ya kujaza kila siku: maji bilauri nane, mboga, matunda, kutembea nusu saa, kukaa chooni dakika kumi baada ya chai ya asubuhi. Tena nisibane. Rahisi kwake kusema! Ufunguo wa choo cha ofisini anao katibu muhtasi, na kila akikupa anatazama saa. Wiki ijayo nirudi. Kama hakuna mabadiliko, ananipeleka hospitali kubwa nikapigwe bomba la maji huku nyuma. Bomba! Mimi, karani mwandamizi wa masjala, miaka kumi na tisa kazini!

Jumatano, 6 Machi

Dawa ina ladha ya sabuni. Nimeiacha. Maji nilikunywa bilauri mbili, nikaomba ufunguo mara tatu. Nayo nimeyaacha.

Shemeji, kaka yake mke wangu, aliyekuja kwetu kwa wiki moja mwaka juzi, huingia chooni kila asubuhi akipiga mluzi. Kabla wimbo haujaisha, ameshatoka. Hana kazi, hana haya, na tumbo linamtii. Wengine wamejaliwa tu.

Jumapili, 10 Machi

Nimejaza karatasi nzima kwa mkao mmoja. Kazi ya kitaalamu: kalamu tatu tofauti, doa moja la chai. Choo: mara nne kwa siku, siku zote saba. Laini. Nani atampiga bomba mtu wa namna hii?

Jumatatu, 11 Machi

Muuguzi alisoma, akavua miwani. Akasema mara nne kwa siku, tena laini, huko ni kuhara. Dawa akaisimamisha, akanikabidhi kikopo. Kesho nilete choo kikapimwe.

Nilete! Siku ya kumi na tatu!

Jumanne, 12 Machi

Nimekaa na kikopo tangu alfajiri. Hakuna kitu. Ikabidi nijikaze nimwendee shemeji. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alitaka kiti changu cha mbele ya televisheni, kiwe chake moja kwa moja. Nikakubali. Akaingia na mluzi wake, dakika mbili, akatoka na kikopo. Nikaandika jina langu juu yake kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 14 Machi

Majibu: minyoo. Shemeji ana minyoo! Ningefurahi wiki nzima kama jina lisingekuwa langu.

Kisha muuguzi akanipandisha kitandani, akaliminya tumbo. Akaminya tena. Akaniuliza, "Baba, hii karatasi uliijaza au uliiota?"

Kabla sijatunga jibu, mke wangu, aliyenisindikiza tena, akamwaga kila kitu. Karatasi, dawa, kikopo, hata kiti. Kumbe shemeji alishajigamba nyumba nzima. Nilitegemea muuguzi angalau atacheka. Hakucheka.

"Sikutishi," akasema. "Utumbo ukiziba, hapo hatuongei tena habari za bomba. Ni kisu."

Nikaogopa. Naandika ukweli, niliogopa sana.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya kumi na saba. Barua ya rufaa ninayo mfukoni: hospitali kubwa, Jumatatu, saa tatu asubuhi, bomba. Mke wangu amesema yeye hanisindikizi, amechoka kuaibika.

Nimeisoma barua mara kumi, kwa uzoefu wangu wote wa masjala. Jina lipo. Umri upo. Tatizo lipo. Picha hakuna. Na kule hakuna anayenijua kwa sura.

Shemeji anasema Jumatatu ana nafasi, ila safari hii anataka chumba chetu cha kulala. Nimekubali. Mke wangu nitamwambia Jumapili.