Mashimo Arobaini ya Bi Mwatima

Mtaimbo ulipiga jiwe, ukaruka, ukamrudi Jaribu mabegani. Lilikuwa shimo la kumi na tisa. Mtu aliyekula kwa ulimi wake tangu alipoota ndevu sasa alikuwa na malengelenge viganjani, na bado mashimo ishirini na moja.

Mambo yalianza vizuri, kama yanavyoanza siku zote kwa watu wa kazi yake. Jumatano alitoka Tibirinzi, akang'oa miche arobaini ya mkunazi pori nyuma ya makaburi, akaitia vifukoni na kuibatiza komamanga la jangwani. Akaileta huku Micheweni, kwenye maweni, ambako hata muhogo hujifikiria kabla ya kuota. Akamhubiria Bi Mwatima, mjane mwenye shamba la mawe: mti huu hauombi maji, hushika udongo usichukuliwe na mvua, nyuki huupenda, na huzaa wakati mashamba ya wenzio yamekauka. Alisema kwa uchungu mpaka mwenyewe akakaribia kununua.

Bei ilikuwa mabeberu wawili. Idd Kubwa ilikuwa wiki ijayo. Baada ya hapo mbuzi angekuwa mbuzi tu.

Bi Mwatima alikubali upesi. Ila mila ya hapa, akasema kwa upole, mleta miche huipanda kwa mkono wake, yote, ndipo achukue chake. Jaribu, ambaye huheshimu mila yoyote yenye mbuzi mwishoni, akaomba mtaimbo.

Sasa Masoud, mdogo wake Bi Mwatima, alimletea maji. Jaribu akamuuliza mila hii ni ya tangu lini.

"Tangu Jumatano," alisema Masoud.

Jaribu akauweka mtaimbo chini.

"Dada yangu ni muosha maiti, kaka. Miaka thelathini anatwanga majani ya mkunazi ya kuwaoshea. Wewe kumwambia ni komamanga, ni kama kumletea mwanawe ukasema wa jirani."

"Mbona hakunambia?"

"Akwambie nini? Mpwa wetu atakuja kubebesha, aunganishe vijiti vya kunazi kubwa, tamu, juu ya mashina hayo. Miche ipo tele. Tulikosa wa kuvunja mawe."

"Na mbuzi?"

"Utapewa. Dada hadanganyi mtu."

Kwa mwendo wake angemaliza siku ya Idd yenyewe, wakati kila mtu keshanunua wake. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yote aliyoyasema juu ya mti ule yalikuwa kweli. Mara ya kwanza maishani kuuza ukweli, na mlipaji akawa yeye.

Akaupanda mche wa kumi na tisa. Beberu mmoja akavuta kamba, akanyoosha shingo, akang'oa jani. Jaribu akamfukuza kwa kokoto, kisha, bila kuambiwa na mtu, akapanga mawe kuuzunguka mche.

"La ishirini lianzie pale penye mwamba, mwanangu," alisema Bi Mwatima kutoka jikoni. "Kesho, inshallah."

Adhana ya Magharibi ikaanza. Jaribu akauchomeka mtaimbo kwenye ufa wa mwamba, akauacha umesimama, akaenda kunawa.