Kiti Kilichozidi Mlango

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka kuwa mchezaji wa akiba! Jumapili timu yetu ya basketi ya viti vya magurudumu, hapa Mulongwe, inacheza na wageni wa Bujumbura. Kapteni Spès amempanga Venant tena. Eti ana kasi. Kasi gani? Ni kiti chake tu: magurudumu yamelala, juu yamekaribiana, chini yametanuka, basi anazunguka kama pia. Miguu yangu iligoma utotoni, akili haijagoma. Nitaunda changu. Magurudumu yangu yatalala zaidi!

Jumanne, 4 Juni

Kazi inafanyika sebuleni. Nje Venant angeiga. Fundi Sylvestre ameleta mashine ya kuchomelea, mimi nimeleta bomba za kitanda cha zamani. Mke wangu, Furaha, akauliza kitanda kipi cha zamani, maana hapa kiko kimoja. Nikamwomba avumilie maendeleo.

Alhamisi, 6 Juni

Kimekamilika! Kizuri ajabu! Hakitoki. Magurudumu yamelala mno, kiti kimekuwa kipana kuliko mlango. Sylvestre akashauri tufupishe ekseli ya magurudumu. Nikakataa: kosa ni la mlango. Furaha akasema maneno ambayo sitayaandika. Tumebomoa mlango.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi. Nageuka upesi kuliko Venant! Spès akakikagua kiti, akauliza liko wapi gurudumu dogo la nyuma, lile linalozuia mtu kuanguka chali. Nikamfafanulia kwamba linaongeza uzito.

Akanitazama. "Emery, weye utaona mawingu."

Venant akajitolea kunipa lake la ziada. Ujanja mtupu! Anataka kunipunguzia kasi. Nimekataa kwa adabu.

Jumapili, 9 Juni

Mechi inakaribia kwisha, pointi sawa, gurudumu la Venant likapasuka. Spès akatazama benchi. Nilikuwepo peke yangu. Nikaingia! Nikapokea mpira! Nikainua mikono kutupa, nikajiegemeza nyuma kidogo.

Mawingu.

Chali, mkanda umenibana kitini, magurudumu yanazunguka hewani, mpira ningali ninao. Nikamsikia Spès, "Leta huku! Miye niko peke yangu!" Nikautupa kuelekea sauti. Akaudaka, akafunga, filimbi ikalia. Tumeshinda!

Venant ndiye aliyenisogelea kwanza. Aliniinua akisaidiana na watu wa benchi la wageni, akicheka hadi machozi, akanikumbatia. Nami nililengwalengwa na machozi. Vumbi, bila shaka.

Jioni nimetafakari. Spès anasema kiti kiongezwe gurudumu dogo. Si kweli. Uwanja ndio umeinama.

Halafu wageni wamesema watakaporudi wangependa kuingia ziwani, na Spès naye anatamani. Nimewaahidi wote viti vya kuogelea. Mchoro uko tayari. Nitatumia chuma kizito kabisa, ili mawimbi yasivisukume.