Asali Si Sukari

Jumatatu, 14 Julai

Baridi, upepo, vumbi mpaka kwenye meno. Mke wangu Maua kanipeleka zahanati kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Muuguzi Julieth akanitoboa kidole, akatazama kipimo, akakunja uso. Akasema sukari imepanda na tumbo linafika mahali kabla yangu. Niache sukari, nirudi mwisho wa mwezi. Isiposhuka, vidonge. Nikamwambia kama ni kuacha sukari tu, mbona kazi ndogo.

Njiani Maua alitangulia haraka mpaka tulipoingia mtaani kwetu, Isevya. Hapo akasimama. Akanikumbusha kuwa baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu, na yeye Maua ndiye aliyekuwa akimwosha kidonda. Akasema hana nguvu ya kuosha kingine. Akasema hataki kuwa mjane. Mbele ya muuza nyanya! Nikainamisha kichwa. Nampenda sana mwanamke huyu, ila angesubiri tufike ndani.

Mpango wangu, ambao ni siri: sukari naiacha yote, leo hii, bila kulia. Badala yake, asali. Mimi ni mfanyabiashara wa asali, duka limejaa ndoo. Sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa nyuki, na sijawahi kumwona nyuki mwenye kitambi. Nashangaa Julieth hakulifikiria.

Jumanne, 15 Julai

Kifungua kinywa: uji wa uwele bila sukari, karanga za kuchemsha, kipande cha papai. Maua alinikodolea macho mpaka bakuli likawa tupu. Niliusifu uji. Nilipofika dukani nikamiminia asali kwenye michembe yangu, vile viazi vikavu vya kuchemsha, nikala kama binadamu wengine.

Jioni Maua kaenda kwa Bi Ummy. Hili linahitaji maelezo. Bi Ummy ni mama wa mjini hapa hapa, kashapita sitini, na uani kwake anafundisha wanawake densi ya tumbo. Si kwa ajili ya harusi. Kwa ajili ya afya! Wanafunga leso viunoni, ngoma inalia, mlango unafungwa, na mwanamume haruhusiwi hata kukohoa jirani. Maua alipoanza mwaka jana alikuwa hainuki mkekani bila kushika ukuta. Sasa anainuka na beseni la nguo mikononi. Magoti hayamsumbui. Anacheka peke yake jikoni. Wamemchagua aongoze mstari wa mbele kwenye tamasha la afya la wanawake, Jumamosi ya tarehe mbili Agosti, na kashashona gauni la kijani. Nikimtazama anavyotembea siku hizi najiuliza alinikubalije.

Alhamisi, 17 Julai

Tobias kanikera. Ni fundi baiskeli, kibanda chake kinatazamana na duka langu. Sukari yake ilipanda kabla ya yangu, halafu ikashuka, na tangu hapo hakuna raha mtaani. Anatafuna matango kwa sauti, makusudi. Leo kaniuliza kama mkanda wangu bado unafika, au nimeshahamia kwenye kamba ya mbuzi.

Nikajishusha, nikamwuliza siri yake. Akainamia tairi. Akasema mkewe Levina, naye mwanafunzi wa Bi Ummy, anamfundisha densi ya tumbo nyumbani, mapazia yakiwa yameshushwa. Nilicheka mpaka nikakalia ndoo. Kisha nikamtazama kiuno. Kinaonekana! Kicheko kikakatika.

Mpango: najifunza mwenyewe, kimyakimya, nimshangaze Maua. Nyuma ya ua wa Bi Ummy kuna kichochoro. Kuchungulia ni aibu na ni dhambi, na mimi si mtu wa hivyo. Lakini kusikiliza si kuchungulia. Bi Ummy ana sauti ya kuita watu walioko shamba la pili.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya! Siku mbaya kabisa.

Asubuhi zililetwa ndoo mpya kutoka porini. Muuza asali asiyeonja atauziwa maji ya sukari guru, kwa hiyo nilionja kila ndoo, nyingine mara mbili kwa uhakika. Baada ya alasiri nikaenda kichochoroni. Ngoma ikaanza. Bi Ummy akaamuru magoti yalegee, mabega yatulie, tumbo liingie, tumbo litoke, kiuno kizunguke kama mtu anayesonga ugali wa watu wengi. Nikafumba macho. Nikashika ukuta. Nikazunguka. Jasho likanitoka. Nilijiona ninaelea!

Nikafumbua macho, nikamwona jirani yetu Mzee Sabiri ananitazama, katoka msikitini. Nikamwamkia shikamoo huku kiuno bado kinazunguka, na nadhani hicho ndicho kilichomtisha. Akaitikia marahaba, akaniuliza msokoto wa tumbo umenianza lini. Nikasema sijambo. Akasema hata marehemu kaka yake alisema sijambo. Akasimamisha bajaji ya kijana Shukrani, wakanipakia wote wawili. Ningejitetea vipi? Ningesema nacheza nyuma ya ukuta wa wanawake? Nikashika tumbo, nikagumia kidogo kwa heshima ya mzee.

Zahanati, Julieth akaniminya tumbo lote, hakuona kitu. Akatoboa kidole. Akatoboa na cha pili, hakuamini. Imepita ya Jumatatu! Akaniuliza nimekula nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba tangu Jumatatu sijagusa chembe ya sukari, ni asali tupu. Akauliza kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akaweka kalamu chini. Akasema ikishaingia mwilini asali ni sukari, mwili haujui ilitoka kwa nyuki au kiwandani. Nikamweleza kwa upole kwamba wageni huwa hawaielewi asali yetu. Akasema yeye kazaliwa Sikonge, hapa hapa mkoani, baba yake mrina asali, na babu yake pia.

Maua akafika anakimbia, leso bado iko kiunoni.

Jumapili, 20 Julai

Maua hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema tu kwamba haendi tena kwa Bi Ummy. Kuanzia kesho atakaa dukani na mimi, alinde mdomo wangu, kwa kuwa mwenyewe nimeshindwa. Kamtumia Bi Ummy ujumbe atafute mwingine wa kuongoza mstari wa mbele. Kisha akakunja gauni la kijani, akaliweka sandukuni chini ya mablanketi.

Nililala chali mchana kutwa, natazama dari. Nimemwibia kitu. Sikuchukua senti ya mtu, lakini nimemwibia. Inauma.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Bi Ummy kuomba. Alinipokea mlangoni, kasimama wima kama mwanajeshi, kanga mbili, macho yanawaka. Yule mama hana umri. Nikamwamkia, nikaungama yote: asali, michembe, kichochoro. Kuhusu kichochoro akasema walinisikia nikihema. Wanawake walidhani ni mbuzi wa jirani kajinyonga na kamba, wakataka kutoka kumwokoa.

Nikamwomba asimpe mtu nafasi ya Maua. Akafikiri. Akasema ataishikilia mpaka siku yangu ya kipimo. Sharti: nicheze na Maua nyumbani kila jioni, nile anachopika, na nisionje asali hata kwa ncha ya ulimi. Namba ikishuka, Maua anaongoza. Isiposhuka, mstari wa mbele anakwenda Levina. Mke wa Tobias! Nikaapa hapo hapo.

Maua aliposikia akaniuliza kama ninaijua kazi ninayoiomba. Nikasema naijua. Siijui.

Alhamisi, 24 Julai

Kila kiungo kinauma, na vingine sikujua kama ninavyo.

Lakini mwalimu! Maua akifundisha ni mtu mwingine. Anasimama katikati ya chumba, mabega hayatikisiki, na tumbo linakwenda linapoambiwa, kulia, kushoto, mawimbi, kimya. Anaweka sahani ya maji kichwani na tone halimwagiki. Mimi nikitikisa tumbo, kinachotikisika ni mashavu. Hanicheki. Anaweka kiganja mgongoni kwangu, anasema pumua kwanza, tumbo litafuata. Tumeoana miaka mingi na sikujua kwamba ana subira kiasi hiki. Nilidhani yote ilishatumika kwangu.

Dukani sasa yeye ndiye mwonjaji. Anagusa kwa ncha ya kidole cha mwisho, anafumba macho, anasema hii imezidishiwa moshi, hii imevunwa kabla ya wakati, hii safi. Hajakosea hata moja. Emilian, mrina asali wangu wa siku zote, aliniita pembeni akaniuliza kwa huruma kama nimestaafu.

Jumatatu, 28 Julai

Nilijaribu kitu kidogo. Maua alipokwenda sokoni nilijifungia stoo na kijiko. Si kwa kula. Nilitaka tu kunusa karibu. Nikakuta kila ndoo kaifunga kwa leso, fundo la aina yake ambalo sikulifahamu kichwa wala mkia. Nilihangaika nalo mpaka nikasikia Tobias anauliza dirishani kama nimenaswa na mtego wa panya. Nikatoka na ufagio, nikajifanya nafagia.

Chakula: ugali wa mtama, mlenda wenye karanga, samaki wa kuchemsha na ndimu. Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Niliomba mlenda mara ya pili.

Na jioni hii tumbo langu limetikisika lenyewe! Mabega yametulia, mashavu yametulia, tumbo peke yake, brr, kama mashine ya kusaga. Maua akapiga kigelegele mpaka majirani wakagonga ukuta. Nilitamani baba yangu angeniona. Halafu nikafikiri tena, nikashukuru kwamba haoni.

Alhamisi, 31 Julai

Sikulala vizuri. Tulikwenda kwa miguu, Maua mbele, mimi nyuma. Julieth akatoboa kidole. Akatazama kipimo. Akakitazama tena, na mimi nikaona giza.

Imeshuka! Haijafika inapotakiwa, kasema, lakini imeshuka vizuri, na nikiendelea hivi hakuna vidonge. Akampongeza Maua, si mimi. Sawa kabisa. Maua akatoka nje, akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa ushungi, akalia. Nikakaa karibu yake. Na mimi nikalia, bila ushungi, watu wote wakiona. Akaniambia alikuwa kila nikisinzia ananitazama miguu. Nikamshika mkono, nikaapa mbele yake na mbele ya Julieth aliyekuwa mlangoni: asali sitaila tena. Naapa!

Tobias alitusubiri kibandani. Kanipa tango zima, kalimenya mwenyewe. Si mtu mbaya.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku ya Maua.

Ukumbi ulikuwa wa wanawake tu, kwa hiyo sisi waume tulikaa nje, kwenye magogo, na viatu vyetu vya Ijumaa. Maua alipita mbele yangu na gauni la kijani, buibui juu yake, hatua nyepesi, kidevu juu. Hakunitazama. Hakuhitaji. Milango ikafungwa, ngoma ikaanza, na mimi nisiyeona kitu nilijua kila zamu: hapa mabega, hapa wimbi, hapa anasimamisha kila kitu na kuacha tumbo peke yake. Vigelegele vikapasua paa. Nikasikia wanamwita jina, Maua, Maua, ukumbi mzima. Tobias akaniambia natokwa na machozi. Nikamwambia ni vumbi. Akasema leo hakuna upepo.

Bi Ummy alitoka akanifuata kwenye gogo. Kanieleza kwamba amefundisha maisha yake yote na leo mwanafunzi kampita. Kisha akanipa mkono, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kifua changu kilijaa. Nimeoa malkia! Na kazi yangu sasa ni moja, niishi miaka mingi nimtazame. Nimelielewa somo lote, mwanzo mpaka mwisho.

Furaha ya namna hiyo haikai kwenye mdomo mtupu. Mama mmoja akapita na sinia la miwa, imemenywa, imekatwa vipande, inameremeta. Nikamwita. Tobias akanishika mkono, akaniuliza kiapo changu kimekwenda wapi. Nikamwambia kiko palepale: niliapa asali, na sukari niliacha zamani. Huu ni muwa. Unaota shambani kama mchicha, una nyuzinyuzi, na kuutafuna ni mazoezi. Nimechukua mfuko mzima. Maua nilimwekea kipande, ila amechelewa kutoka.