Nguvu ya Soda Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, sijui Jumamosi ijayo nitaingia darasani na uso gani.

Mnajua nafundisha watoto wetu Kiswahili hapa Thornton Heath, ughaibuni kwa Waingereza, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Tulianza na watoto kumi na tisa. Wamebaki wanne. Kwa hiyo leo wazazi waliitwa kuamua: tuendelee au tufunge. Baba Neema, mwenyekiti wetu, alishaandika kwenye group: "Class ime-fizzle out, tukubali tu." Iliniuma sana. Darasa hilo nimelianzisha mimi.

Nikajiandaa. (Kujiandaa ndiko kulikoniponza.) Nikafungua chupa ya soda mbele yao, ikafoka, ikatulia. Nikawaeleza kwamba Waingereza husema "fizzle out" kwa jambo linaloanza kwa kishindo kisha likafifia polepole, nasi tunasema nguvu ya soda. Asili ya 'fizzle' ni hii hii gesi, nikasema, bila kuchunguza. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa kwenye kiti cha mbele, anaitikia kwa kichwa.

Ili wazazi waone matunda, nikampa Neema kamusi ya Kiingereza atafute asili ya neno hilo 'fizzle', atueleze kwa Kiswahili. Neema ana miaka tisa na hujibu kila kitu kwa Kiingereza. Nilitegemea maneno mawili matatu, tupige makofi, yaishe.

Akasoma kimya. Akainua kichwa.

"Zamani sana," akasema taratibu, "Waingereza walisema hivyo mtu akijamba bila sauti."

"Neema," baba yake akauliza, "hilo neno umelitoa wapi?"

"Kwa mwalimu. Kila Saturday anatuuliza, 'Nani kajamba?'"

(Madirisha ya chumba kile hayafunguki. Naomba mnielewe.)

Mama mkwe akanigeukia. "Mkwe wangu, mimi nilidhani unafundisha salamu."

Watu wakavunjika mbavu. Baba Neema peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Hajawahi kuniambia sentensi nzima ya Kiswahili," akasema. "Tangu azaliwe."

Hapo aibu na furaha vikagombana moyoni.

Kura ikapigwa. Hakuna aliyetaka tufunge. Ila wameweka sharti: mama mkwe ahudhurie kila kipindi, asimamie lugha ya mwalimu. Amekubali kabla sijafungua mdomo. Tafadhali msicheke, viza yake ni ya miezi sita.