Kuhusu Milimita 84 za Ilula

Iringa,
Machi 21

Ndugu Mratibu wa Takwimu,

Nauheshimu mradi wenu wa utafiti wa tabianchi hapo Mbeya. Ninalolalamikia ni daftari lenu jipya linaloonyesha kila takwimu ilikotoka. Juzi nililifungua nikakuta mvua ya Ilula ya Machi, mwaka juzi: milimita 84 kwa siku moja. Penye "chanzo cha awali" kuna jina langu. Penye "kiwango cha kuaminika" mmeandika: hafifu. Nina haya ya kusema.

1. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka ishirini na saba. Nina vyanzo, sijawahi kuwa chanzo. Gazetini niliandika "inakadiriwa", neno ambalo kwetu maana yake mwandishi alichungulia nje. Mtafiti wenu, Bwana Andendekisye, akachukua namba akaliacha neno. Mwaka uliofuata nikamnukuu yeye: "wataalamu wamethibitisha." Namba iliondoka kwangu peku, ikarudi imevaa joho. Sioni kwa nini ivuliwe hadharani.

2. Si kweli kwamba sikupima. Mvua ilinikuta Ilula, nikajibanza kibandani kwa Tekla, muuza nyanya, ambaye alikuwa amekinga ndoo upenuni. Nilitumbukiza kalamu ndani ya ndoo, nikapima palipolowa kwa rula. Tekla akaniambia, "Hayo ni maji ya bati, kaka, siyo ya shamba." Sikumnukuu, kwa kuwa hakuwa na cheo.

3. Mke wangu, Eveline, amelisoma hilo neno "hafifu". Sasa nikimwambia nitarudi saa kumi na mbili, ananiuliza chanzo.

4. Mkifuatilia kila namba hadi kwao, hamtaishia Ilula. "Asilimia sabini ya wakulima" nimeiandika tangu nikiwa kijana, bila kumhesabu mkulima hata mmoja. Ipo pia misitu iliyokatwa kati ya Makambako na Mbalizi, ambayo niliihesabu kupitia dirisha la basi, na nusu ya safari nilikuwa nimelala. Ni namba zenye heshima zao. Zimesomwa kwenye semina, na watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo naomba namba ibaki, jina liondolewe. Aidha, takwimu yoyote iliyotimiza miaka miwili ihesabiwe mzee, isiulizwe ilikolala.

Nisalimieni wote ofisini, walinzi na wapishi wa chai pamoja. Bwana Andendekisye mwambieni sina kinyongo. Tulinukuliana kwa nia njema.

Ni mimi, chanzo kisichopenda kutajwa,
Zabron Kalinga

N.B. Kabla ya kutuma barua hii nilimpigia Tekla simu, awe shahidi wangu kwamba ndoo ilikuwepo. Tulisalimiana, nikamuuliza habari za shamba. Akasema amezima pampu tangu Jumatatu, kwa sababu ratiba ya umwagiliaji ya mradi wenu inasema mvua ya Machi Ilula inatosha nyanya. "Miche inasinyaa, kaka, lakini si wataalamu wamepima?" Nikamwambia aliyepima ni mimi, kwenye ndoo yake. Akauliza, "Ile ya upenuni?" Kisha akaniaga, akawashe pampu.

Naomba mfute milimita 84 leo, kabla hamjafunga ofisi, na muwatangazie wakulima wengine wanaofuata ratiba hiyo. Jina langu liacheni hapo hapo lilipo. Atakayetaka kujua nani alikosea asisumbuke kutafuta.