Kamati ya Mapumziko Yangu

Jumatatu, 11 Agosti

Likizo! Siku saba! Ya kwanza tangu nianze kupakia mizigo uwanja wa ndege, miaka sita sasa. Bosi kaisoma fomu mara mbili kabla ya kusaini. Anajua ndege zitachelewa.

Joyceline, mtoto wa dada yangu niliyemlea hapa Irving, Texas, anahamia Houston Jumapili. Chuo cha uuguzi. Akili karithi kwangu. Kaniomba kitu kimoja tu: Alhamisi twende ziwani kuvua, mimi na yeye, aone kwa macho mjomba aliyemtoa sangara wa kilo tisini majini kwa mikono mitupu kule Bukoba. Nimekubali. (Mwaka jana alikuwa wa kilo sabini. Samaki hukua.)

Mutuku, Mkenya wa nyumba ya chini, alikuwa nje kwenye kiti chake cha kukunja. Nikamuuliza siku zake za mapumziko huwa anafanya nini. Akasema anakaa. Basi! Nilimhurumia. Mtu mzima, anapumzika bila utaratibu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimeunda Kamati ya Mapumziko. Uchaguzi ulikuwa huru na wa haki. Nilipita bila kupingwa, maana nilikuwa peke yangu kwenye grupu la WhatsApp. Kisha nikamwingiza rafiki yangu Vicent awe katibu, kwa kuwa ana laptop. Hadi jioni, wajumbe thelathini na mmoja!

Mke wangu Prudensia katoka zamu hospitali, akauliza mtu mmoja kupumzika kunahitaji watu thelathini wa nini. Nikamwambia ya wagonjwa anayajua, ya uongozi aniachie.

Jumatano, 13 Agosti

Kikao cha kwanza, kwa Zoom. Masaa manne na nusu. Yatokanayo hayakuwepo, lakini tuliyajadili. Chapati au maandazi? Kura zikafungana mara tatu. Azimio: fulana za kamati haziko tayari, hivyo ziwani ni Jumamosi.

Joyceline akasema sawa, Anko. Kisha akauliza kama sisi wawili hatuwezi kwenda bila fulana. Watoto! Itifaki hawaijui.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikao cha pili. Katikati ya mengineyo, picha ikaingia kwenye simu. Joyceline, ziwani! Na Mutuku, kampa lifti! Viti vitatu mbele ya maji. Kimoja kitupu, juu yake kofia yangu ya kijani.

Aliporudi nikamuuliza wamevua wangapi. Hata mmoja. Sasa kutwa nzima walifanya nini? Walikaa. Na kofia yangu ilikuwa ya nini? Akasema si nilimwahidi?

Hilo sikuruhusu liingie kwenye muhtasari.

Jumamosi, 16 Agosti

Ushindi! Watu arobaini na wawili, fulana za njano, spika mbili. Hotuba ya ufunguzi dakika hamsini tu, nilijizuia. Mlinzi wa ziwa akaomba tuzime spika. Kwa heshima kabisa, mara tatu.

Nikarusha ndoano mbele ya umati. Ikanasa suruali yangu, kwa nyuma. Vicent akaandika: mwenyekiti alinasa kitu kikubwa. Katibu wa maana sana yule.

Joyceline hakuja. Alikuwa anafunga mizigo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimempeleka Houston mwenyewe, hadi mtaa wa Gulfton, kwenye chumba alichopanga na mwenzake. Simu ilizima kabla hata ya kufika mji wa Corsicana, na chaja nilimwachia katibu. Karibu masaa manne bila kikao! Mwanzoni vidole viliniwasha. Halafu tukaanza kuongea. Sijui ilikuwaje, nikajikuta nimemwambia yule sangara nilimnunua sokoni. Tena nusu tu, si mzima. Akacheka mpaka akapiga dashibodi. Akasema anajua tangu ana miaka kumi na minne, ila anapenda ninavyosimulia.

Tukasimama njiani, tukala nyama juu ya boneti, tukitazama malori. Hatukufanya kitu kingine. Sijawahi kuona siku inakimbia vile.

Kwenye kuagana akanishika mkono. Akasema Anko, mwezi ujao njoo tena. Peke yako. Na nisisikie kamati! Nikaahidi. Macho yakatoa maji. Viyoyozi vya Houston vikali.

Ananitaka mimi, mimi tu! Nani mwingine Texas nzima ana heshima hiyo? Nikanunua chaja kituo cha mafuta, nikawatangazia wajumbe wote pale pale. Jambo zito namna hii haliendeshwi kienyeji. Tayari imeundwa Kamati Ndogo ya Mwenyekiti Kwenda Peke Yake. Wamejiandikisha kumi na wanane kunisindikiza.

Vicent anatafuta basi.